Makao ya Abakama: ikulu za nyasi na za kuta za Bukoba na Muleba

Kikale ni makao ya Omukama (wingi Abakama), mtawala wa Wahaya. Ndani ya uzio wake mlikuwamo nyumba ya mtawala mwenyewe, nyumba za wake zake, nyumba ya ngoma za enzi, maghala, majiko, uwanja wa kusikilizia mashauri na malazi ya vijana waliopelekwa kufundwa. Kabla ya mkoloni kufika, hapakuwa na jengo kubwa kuliko kikale katika nchi ambayo leo ni wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, na karibu kila kitu ndani yake kilijengwa kwa miti, matete na nyasi. Ndiyo maana kimesahaulika upesi. Simulizi za ujenzi wa kale nchini huanzia Kilwa, zikapita Bagamoyo na kuishia Mji Mkongwe wa Unguja. Kagera hutajwa kwa kahawa, ndizi na makanisa. Mkoa uliokuwa na ikulu nyingi kuliko mikoa mingi ya Tanzania umeachwa nje ya hesabu hiyo kwa sababu moja tu, kwamba ikulu zake hazikuacha magofu ya mawe.

Wajerumani, na baada yao Waingereza, walizitambua nchi nane za kifalme katika eneo hili: Karagwe, Kiziba, Misenye, Bugabo, Kyamutwara, Maruku iliyojulikana pia kama Bukara, Kianja na Ihangiro. Kwa mipaka ya sasa, Bugabo, Kyamutwara, Maruku na sehemu ya Kianja ziko Bukoba. Sehemu nyingine ya Kianja, pamoja na Kamachumu, na Ihangiro yote ziko Muleba. Koo zilizotawala zilikuwa tatu hasa. Bahinda, wanaojihesabu kuwa uzao wa Ruhinda, walishika Karagwe, Ihangiro, Kianja na Maruku. Bankango walijitwalia Kyamutwara na Bugabo baada ya dola kubwa ya zamani ya Kyamutwara kugawanyika. Kiziba ilikuwa ya Babito, wenye asili ya Bunyoro. Kila mmoja wa watawala hao alikuwa na kikale chake, na kwa kawaida mrithi hakukaa katika makao ya mtangulizi wake. Alijenga mahali papya. Kwa hiyo vilima vya Buhaya, nchi ya Wahaya, vimejaa maeneo ambayo zamani yalikuwa makao makuu, mengi leo yakiwa migomba mitupu.

Nyasi, mvua na rweya

Mtu anaweza kudhani kwamba nyasi zilitumika kwa kukosa mawe. Mandhari ya Bukoba inakanusha jambo hilo. Magenge ya mawe ya mchanga yanaonekana kuanzia ufukwe wa ziwa hadi juu ya vilima, na wamisionari walipofika waliyatumia kujengea. Abakama walikuwa na mawe hayo karne zote, na walikuwa na watu wa kuyabeba. Walichagua nyasi kwa sababu zilifaa nchi yao na zilifaa utawala wao.

Tuanze na nchi. Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikitoka ziwani usiku na alfajiri. Paa la nyasi lenye mteremko mkali huyamwaga maji hayo kabla hayajapenya, na chini yake joto la mchana na baridi ya usiku hupungua. Nyasi zenyewe zilipatikana kwenye rweya, yaani mbuga wazi zilizotenganisha kijiji na kijiji. Mpango wa ardhi wa Wahaya ulikuwa na sura mbili: kibanja chenye migomba na mibuni kuzunguka nyumba, na rweya ya malisho na nyasi nje yake. Migomba ilitoa pia kamba za kufungia. Ujenzi wa nyumba, kubwa na ndogo, ulitegemea sehemu zote mbili, na mtu aliyepoteza rweya alikuwa amepoteza paa lake.

Halafu utawala. Nyumba ya nyasi inahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Kwa mtawala, hilo lilikuwa jambo jema. Kila ukarabati uliwaita watu kikaleni na matete yao, fito zao na mizigo yao ya nyasi, na kila ukoo ulikuja kwa zamu na kwa kazi yake. Koo za Wahaya zilikuwa na wajibu maalumu kwa Omukama, na kutimiza wajibu huo kulikuwa ndiko kuthibitisha nafasi ya ukoo katika nchi. Jengo la mawe likikamilika halimwiti mtu tena. Kikale kiliwaita watu mwaka hadi mwaka, na utii wa nchi ulipimwa humo.

Jinsi msonge unavyosimama

Nyumba ya msingi katika kikale ni msonge, na ni nyumba ileile aliyoishi mkulima wa kawaida, ikitofautiana kwa ukubwa, kwa ubora wa ufumaji na kwa idadi ya nguzo. Kwa nje msonge hauna ukuta. Paa linaanzia kileleni na kushuka mpaka ardhini, na mlango unakatwa katika paa hilohilo na kujengewa kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Mifupa ya paa ni pete za fito na matete, ndogo kileleni na kubwa zaidi kadiri zinavyoshuka, zikifungwa kwenye fito za wima kwa kamba. Nguzo za ndani hupokea uzito. Nyasi hupangwa kuanzia chini kwenda juu, tabaka likilalia tabaka, ili maji yasipate pa kuingilia.

Fundi mzuri alijulikana kwa kazi ya ndani. Akiinua macho, mgeni aliona duara juu ya duara za matete yaliyopangwa kwa umbali sawa mpaka kileleni. Vizuizi vya matete yaliyofumwa viligawa nyumba katika sehemu ya wageni, mahali pa moto na sehemu ya kulala. Sakafu ilitandikwa nyasi laini, zilizobadilishwa zilipochakaa, na kukanyaga nyasi hizo kwa heshima kulikuwa sehemu ya adabu ya kuingia nyumba ya mtu, sembuse ya mfalme. Mgeni alikaribishwa kwa buni za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa. Katika baadhi ya nchi hizi upandaji wa mibuni wenyewe ulikuwa chini ya mkono wa Omukama, hivyo hata kahawa ya kumkaribishia mgeni ilikumbusha nani mwenye nchi.

Moshi wa jikoni ulikuwa na kazi katika ujenzi. Ulikausha nyasi, ukafukuza wadudu na kuzipaka fito weusi uliozihifadhi. Msonge usiowashwa moto huoza haraka. Hili ni jambo la kukumbukwa na yeyote anayejenga msonge wa maonyesho kisha akaufunga kwa kufuli.

Uwanja baada ya uwanja

Maelezo ya zamani zaidi ya maandishi kuhusu ikulu ya Kihinda yanatoka Karagwe, magharibi ya Bukoba na Muleba. Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walifika Bweranyange, makao makuu ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Speke anaeleza kwamba waliingia kwa ukumbi wa langoni, wakapita nyua pana zilizojaa nyumba kubwa za kifalme, ndipo wakafikishwa mbele ya mtawala. Mpangilio huo ndio uliokuwa moyo wa kikale popote palipotawala Bahinda. Hapakuwa na ukumbi mmoja mkubwa. Palikuwa na ua, kisha ua, kisha ua, na heshima ya mtu ilijulikana kwa ua alioruhusiwa kufika. Mkulima mwenye shauri aliishia uwanja wa mbele. Wakungu, yaani wakuu wa Omukama, walipita zaidi. Wachache waliuona mlango wa nyumba ya ndani.

Kinachovutia zaidi katika maelezo ya Speke ni mahali alipopokelewa. Rumanyika aliwakaribisha katika baraza lenye paa la mteremko ambalo Waarabu walikuwa wamemjengea liwe kama ofisi ya kuendeshea mambo ya utawala. Mtawala mwenyewe alikuwa amevaa joho jeusi la Kiarabu, na miguuni shanga za rangi, na mikononi bangili za shaba. Kwa hiyo katikati ya misonge ya Bweranyange, miaka karibu 30 kabla ya Mjerumani kuweka mguu Bukoba, palikuwa tayari na jengo la mtindo wa pwani, lililojengwa na Waislamu wa pwani kwa ajili ya mfalme wa Kihinda. Ukiulizwa ujenzi wa kiikulu wenye chapa ya Kiislamu ulifika lini Kagera, jibu ni hapo.

Jengo hilo lilikuja na biashara ya pembe za ndovu. Msafara kutoka Tabora ulipita Karagwe ukielekea Buganda, na wafanyabiashara walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme. Kati ya waliojenga uhusiano huo alikuwa Musa Mzuri, Mhindi wa asili ya mji wa Surat aliyefanya makao yake Tabora, na ambaye alimsaidia Rumanyika katika ugomvi wa urithi na ndugu yake. Surat ilikuwa bandari kubwa ya dola ya Wamughali. Njia iliyotoka huko ikapita Unguja na Tabora ilifika mpaka mlangoni mwa kikale, ikileta nguo, shanga, bunduki na wazo la nyumba ya pembe nne.

Rumanyika alilipokea baraza, lakini misonge yake hakuibomoa. Ngoma za mwezi mwandamo, ambazo Speke alizishuhudia, ziliendelea kupigwa kwa desturi ya zamani. Hazina ya enzi pia ilibaki ndani ya nyumba ya duara: Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, aliichora nyumba hiyo na vitu vyake, mikuki ya shaba na chuma na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa ustadi ambao bado unawashangaza wataalamu. Mpangilio huo unaonyesha mtawala aliyejua anachokifanya. Shughuli za wageni ziliwekwa katika jengo la wageni, na mambo ya nchi yakabaki kwenye nyasi.

Kipimo cha Kilwa na Agra

Majengo ya enzi ya Kiislamu yanayojulikana zaidi duniani, kinyume na kikale, yalijengwa ili yasiondoke. Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, ilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua za kushukia baharini na bwawa la pembe nane, vyote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Huko India, mfalme wa Wamughali Shah Jahan alikamilisha Taj Mahal ya Agra na Ngome Nyekundu ya Delhi katikati ya karne ya 17. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash iliinuka Unguja mwaka 1883, kazi ya mtu aliyewahi kuishi uhamishoni Bombay.

Lakini uimara wa jiwe usitiwe chumvi. Husuni Kubwa haikukaliwa muda mrefu, na sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, ikaua watu. Jengo lolote la enzi hudumu kwa kadiri ya watu wanaolitunza. Kikale kilijengwa juu ya msingi huo waziwazi. Kilichodumu ndani yake kilikuwa mahali, miti iliyopandwa, majina ya nyumba na ujuzi wa mikono uliorithishwa. Jengo likichakaa lilijengwa jingine lenye jina lilelile.

Katuruka: chuma chini ya kikale

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Katuruka, kata ya Maruku, Bukoba Vijijini. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya Rugomora Mahe, aliyeitawala Kyamutwara kubwa katika karne ya 17, takriban miaka ya 1650 hadi 1675. Ni kizazi kilekile cha Shah Jahan. Masimulizi ya wazee yanasema Rugomora aliwakusanya wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, na mnara ukaanguka. Walionyesha pia mti wa kale ulioitwa Kaiija, wakisema chuma kilifuliwa chini yake.

Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alianza kazi Buhaya mwaka 1969, akayasikiliza masimulizi hayo kwa makini kabla ya kushika jembe. Alipochimba karibu na mti, alipata mabaki ya kazi ya chuma, na vipimo vya mkaa vikaonyesha umri wa karibu mwaka 500 kabla ya Kristo. Kazi ya chuma mahali pale ilikuwa imemtangulia Rugomora kwa miaka 2,000 hivi. Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao, wakionyesha kwamba wahunzi wa Kihaya walipasha hewa moto ndani ya mifereji ya udongo kabla haijafika kwenye tanuri, na hivyo kupata joto kali sana. Walisaidiwa na wazee waliokumbuka kazi hiyo, ambao walijenga tanuri na kuyeyusha chuma mbele yao.

Sifa za Katuruka kwa kawaida huishia hapo, kwenye chuma. Kwa historia ya ujenzi, jambo kubwa zaidi ni uamuzi wa Rugomora wa kujenga kikale chake juu ya mahali hapo. Mbegu, mazao na vita vyote vilitegemea jembe na mkuki. Mtawala aliyekaa juu ya mavi ya chuma ya mababu alikuwa anasema kwamba nguvu zote hizo ziko chini ya kiti chake. Simulizi la mnara, kwa vyovyote lilivyoanza, linaunganisha mambo mawili ambayo jengo lenyewe liliyaunganisha, enzi na uhunzi. Agra kulikuwa na marumaru ya kuzungumza kwa niaba ya mfalme. Katuruka ilizungumza kwa mti, kwa udongo na kwa jina.

Nyumba ya Rugomora ilijulikana kwa jina la Buchwankwanzi. Mahali hapo pamehusishwa pia na Mugasha, mungu wa ziwa na maji, ambaye masimulizi ya wavuvi na wakulima wa Buhaya yamemkumbuka kwa muda mrefu. Kwa hiyo ndani ya eneo dogo mlikuwa na ikulu, mahali pa ibada na kumbukumbu ya kazi.

Kisha vikaja vifo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vya Maruku na vinginevyo viliwapoteza watu wazima wengi waliopaswa kupokea masimulizi kutoka kwa wazee. Mti wa Kaiija nao ulikatwa. Kuanzia mwaka 2008 wanakijiji wa Katuruka wenyewe waliamua kulirejesha eneo lao. Walikusanya masimulizi kwa waliobaki, wakajenga upya nyumba za nyasi, wakalifungua eneo kwa wageni, na wakamwita Schmidt washirikiane naye. Hiyo ni kazi ya heshima kubwa. Haikuanzishwa na wizara wala na mfadhili, na kwa sababu hiyo imebeba uhalali ambao miradi mingi ya urithi haina.

Ihangiro na visiwa vyake

Muleba haijapata uchimbaji wa hadhi ya ule wa Katuruka, na hasara ni ya taifa zima. Ihangiro ilikuwa nchi pana, ikitoka ziwani kwenda magharibi kuelekea ziwa Burigi, na mkono wa mtawala wake ulivuka maji. Stanley alipopambana na watu wa kisiwa cha Bumbire mwaka 1875, alifahamu kwamba kisiwa hicho kilikuwa chini ya mfalme wa Ihangiro, ambaye anamwandika kwa jina la Antari, yaani Ntare. Kikale chenye himaya ya visiwani kilikuwa na mahitaji tofauti na cha bara: mitumbwi, samaki na ushuru wa majini. Maeneo yake yanajulikana kwa wenyeji, katika vilima na vijiji vya Muleba, na bado yanangojea ramani.

Kuta za Wajerumani

Bukoba kama mji ilianzishwa Novemba 1890 na Emin Pasha, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa Eduard Schnitzer, akachukua jina la Kiislamu alipokuwa katika utumishi wa Waturuki na kisha wa Misri huko Sudani. Alikuja akiitumikia Ujerumani. Kituo cha kijeshi kilijengwa ufukweni, na kando yake likakua soko na maduka; Duka Kubwa la zama hizo bado linajulikana kwa jina hilo mjini.

Wajerumani hawakuwaondoa Abakama. Kuanzia mwaka 1906 Bukoba, Rwanda na Burundi zilitawaliwa kwa utaratibu wa peke yake, ambapo mwakilishi wa Ujerumani alikaa juu na wafalme wakaendelea kutawala watu wao. Utaratibu huo ndio uliozaa aina mpya ya ikulu. Aliyenufaika kuliko wote ni Kahigi wa Kianja. Alishikamana na Wajerumani mapema, akapata ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa majirani zake, na nchi yake ikapanuka. Kanazi, katika Bukoba Vijijini, lilisimama jumba lake, lililojengwa enzi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20: kuta zilizosimama wima, vyumba vya pembe nne, milango na madirisha ya kizungu. Jumba hilo linaonwa hadi leo na ni miongoni mwa majengo ya thamani ya kihistoria mkoani.

Linganisha jumba la Kanazi na baraza la Rumanyika. Bweranyange, jengo la mgeni liliwekwa ndani ya kikale kama chombo cha kazi, na nyumba ya mfalme ikabaki msonge. Kanazi, jengo la mgeni likawa ndiyo nyumba ya mfalme. Kimsingi hapo ndipo ikulu ya Kihaya ilipobadilika. Ua baada ya ua ukapungua maana, kwa sababu aliyekuja kumwona Omukama aliingia mlangoni na kuketi kitini. Ukoo wa mafundi wa kuezeka haukuitwa tena kwa zamu. Heshima ya mtawala ilihama kutoka idadi ya watu waliomjengea hadi ukubwa wa ukuta aliojengewa na mkoloni.

Kahigi alifariki mwaka 1916, mwaka ambao Waingereza waliishika Bukoba moja kwa moja. Mwaka mmoja kabla, tarehe 21 hadi 23 Juni 1915, majeshi yao yalikuwa yameuvamia mji kutoka ziwani na kuiharibu ngome na mtambo wa simu za upepo. Chini ya Waingereza Abakama walikuwa watumishi wenye mishahara, na mashauri yakahamia katika baraza la Lukiko. Waandishi wa Kihaya walianza kuyaweka mambo ya enzi kwenye karatasi. F. X. Lwamgira, katibu na mwanahistoria, alichapisha historia ya Kiziba na wafalme wake kwa Kihaya mwaka 1949, na bila kazi ya namna hiyo majina mengi ya makao ya zamani yangekuwa yamepotea.

Kilichobaki na kinachotishia

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria Tanganyika, na nyarubanja, mfumo wa umwinyi wa ardhi uliowafanya wakulima kuwa wapangaji wa wakubwa, ukafuata katika muongo huohuo. Kwa mkulima wa Buhaya hilo lilikuwa jambo la haki, na hakuna sababu ya kulijutia. Lakini pamoja na mzigo wa kodi, vikaondoka pia vitu ambavyo havikuwa na dhambi: mafundi, miti ya uwanjani, viwanja vya mashauri. Ardhi za vikale zikagawanywa au zikaachwa mikononi mwa familia zisizo na uwezo wa kuzitunza.

Fedha za kahawa zilileta mabati. Leo msonge wa kukaliwa na watu ni nadra Bukoba na Muleba. Rweya nazo zimepandwa misonobari na mikaratusi kwa eneo kubwa, hivyo hata anayetaka kuezeka kwa nyasi anahangaika kuzipata. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya 15 mkoani na kubomoa nyumba nyingi za matofali, zikiwamo shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilizolazimika kufungwa. Majengo ya kuta ya zama za ukoloni yanahitaji kukaguliwa nyufa zake na wataalamu, kabla tetemeko jingine halijatokea.

Majirani wametangulia. Kasubi, nje kidogo ya kitovu cha Kampala, nyumba ya Muzibu Azaala Mpanga iliyojengwa na Mutesa I mwaka 1882 iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikateketea kwa moto Machi 2010, ikajengwa upya kwa miaka mingi na kuondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ukoo wa Ngeye, wenye jukumu la kuezeka tangu zamani, ulikuwa bado una ujuzi wa kurithisha. Nyanza, kusini mwa Rwanda, mgeni huona katika eneo moja ikulu ya nyasi iliyojengwa upya na jumba la kisasa la mfalme Mutara III la miaka ya 1930. Akitoka hapo anaelewa historia nzima ya enzi kwa saa mbili.

Kagera ina vyote viwili tayari, Katuruka na Kanazi, ndani ya wilaya moja. Kinachokosekana ni kuviunganisha katika ziara moja na simulizi moja, na kuiongeza Ihangiro ili Muleba isibaki nje. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaipa serikali uwezo wa kuyalinda maeneo kama haya, lakini sheria hailindi mahali pasipo kwenye ramani. Halmashauri za Bukoba na Muleba zina maofisa ardhi, zina maofisa utamaduni, na zina wazee wanaojua kikale kipi kilikuwa kilima kipi. Watu hao wakutanishwe, maeneo yapimwe na kuandikwa kabla ya viwanja kugawiwa, na katika kila kata itengwe sehemu ya rweya isiyopandwa miti, ili vijana watakaofundishwa kuezeka wapate nyasi za kufanyia kazi.